Majivu, Mawese na Magadi: Historia ya Viambato vya Sabuni katika Maniema ya Kusini

1.0 Utangulizi

Sabuni ni bidhaa isiyokosekana katika soko lolote la Maniema ya Kusini. Kuanzia Kasongo, mji wa kale wa bonde la Lualaba, hadi Kabambare na Salamabila, mahali palipokua kwa sababu ya dhahabu ya Namoya, mnunuzi hukabiliwa na sabuni za namna mbili. Ya kwanza ni ya kiwanda: imefungwa katika karatasi yenye rangi, picha na maandishi madogo. Ya pili ni ya mkono: mche uliokatwa kwa waya au kisu, usio na karatasi wala jina, ambao sifa yake hutegemea sifa ya mama aliyeupika.

Kuhusu namna hizi mbili watu hugawanyika. Wako washikiliao kwamba sabuni ya kiwanda ndiyo sabuni hasa, na kwamba ile ya mkono ni badala ya mtu maskini. Wako pia, na idadi yao imezidi katika miaka ya karibuni, wanaosema kwamba sabuni ya mkono ni salama kwa kuwa ni ya asili, na ile ya kiwanda ina sumu kwa kuwa ni ya kemikali. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba rai zote mbili hazina msingi wa kutosha. Historia ya viambato vyenyewe inathibitisha kwamba sabuni hizi ni ndugu wa mama mmoja, na kwamba tofauti yao kubwa imo katika mambo matatu: aina ya alkali iliyotumika, vitu vilivyoongezwa au kuondolewa baada ya sabuni kuiva, na ujuzi wa mtumiaji juu ya kilichomo. Jambo hili la tatu linaihusu moja kwa moja taaluma ya Kiswahili.

2.0 Neno na safari zake

Neno sabuni limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, nacho Kiarabu kililipokea kutoka Kigiriki na Kilatini, ambamo neno lilikuwa sapo. Plini Mzee, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza baada ya Kristo, aliandika kwamba kitu hicho kilibuniwa na Wagali, kwamba kilitengenezwa kwa mafuta ya wanyama na majivu, na kwamba kilitumiwa kuzipa nywele wekundu. Kutoka neno hilo hilo la Kilatini ndiko kulikotokea savon ya Kifaransa. Hivyo basi, Maniema ililipokea neno moja kwa njia mbili: kwa njia ya Bahari ya Hindi likaitwa sabuni, na kwa njia ya Bahari ya Atlantiki likaitwa savon.

Istilahi za kikemia nazo zina ushahidi wake. Neno alkali, linalotumiwa na wanakemia wa dunia nzima, ni la Kiarabu, al-qali, yaani majivu ya mimea ya ardhi ya chumvi. Neno potasi limetoka katika lugha ya Kiholanzi, na maana yake ni majivu ya chungu. Kwa hiyo mwanafunzi anayesoma juu ya potasiamu katika kitabu cha kemia anataja, bila kujua, kazi ya jikoni ambayo nyanya zake waliifahamu. Kiswahili, kwa upande wake, kina neno magadi, linalotaja kabonati ya sodiamu inayopatikana katika maziwa ya chumvi ya Afrika Mashariki, kama vile Ziwa Magadi nchini Kenya. Lugha ambayo tayari ina sabuni, majivu, magadi, mawese na mise haina sababu ya kuonekana maskini mbele ya somo hili.

Njia ya Bahari ya Hindi inafahamika vizuri. Misafara ya wafanyabiashara kutoka Ujiji ilivuka Ziwa Tanganyika na kupita Kabambare kuelekea Lualaba. David Livingstone alifika Bambarre mwaka 1869, na mwaka 1871 alikuwa Nyangwe, ambako alieleza soko kubwa la wanawake lililouzwa, pamoja na vitu vingine, chumvi na mawese. Katika miaka ya 1870 Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliifanya Kasongo kuwa makao yake makuu. Mji huo ulipotekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo chini ya Dhanis mwezi Aprili 1893, walioingia walikuta humo mishumaa, sukari, viberiti na vyombo vya kioo, dalili kwamba anasa za pwani zilikuwa zimekwisha kufika mbali bara.

Waungwana hawakuja na bidhaa tu. Walikuja na kanzu nyeupe, na dini inayomtaka mtu awe na nguo na mwili safi kabla ya sala. Sharti la udhu ni maji, wala si sabuni. Lakini kanzu nyeupe katika nchi ya udongo mwekundu haikai nyeupe kwa maji matupu. Ndiyo maana katika eneo hili usafi, staha na uungwana vilifungamana mapema, kabla ya shule za wamisionari kuanza kufundisha somo la afya.

3.0 Elimu ya majivu

Kila sabuni ni tunda la ndoa ya vitu viwili: mafuta na alkali. Vikikutana katika maji, na hasa vikipashwa moto, mafuta huvunjika, asidi zake hushikana na sodiamu au potasiamu ya alkali, na gliserini hubaki pembeni. Hakuna sabuni ya kweli, ya mkono wala ya kiwanda, isiyopitia hatua hiyo. Anayesema sabuni yake haina kemikali anasema jambo lisilowezekana.

Katika nchi ya michikichi, alkali na mafuta hutoka katika mti mmoja. Mashuke matupu ya chikichi, baada ya kutolewa ngazi, yakichomwa hutoa majivu yenye potasiamu nyingi sana. Maganda ya ndizi hutoa majivu ya namna hiyo hiyo. Majivu hutiwa katika chungu chenye matundu kilichotandikwa nyasi kavu, maji humiminwa juu yake polepole, na maji yatokayo chini, yenye rangi ya chai, huteleza yakiguswa kwa vidole. Maji hayo ya majivu hayakuwa ya sabuni peke yake: yakikaushwa yalitoa chumvi ya mboga, nayo yakitiwa kidogo chunguni hulainisha majani magumu. Elimu ya majivu kwa hiyo ilikuwa kwanza elimu ya mapishi.

Hapa pana jambo la kikemia linalofafanua historia. Alkali ya majivu ni kabonati, nayo ni dhaifu. Haiwezi kuvunja mafuta mazima kwa urahisi, isipokuwa iongezewe nguvu kwa chokaa. Lakini mawese yaliyokaa muda mrefu, yaliyochacha na yasiyofaa tena kwa chakula, yana asidi nyingi zilizokwisha kuachana na gliserini, na asidi hizo hushikana na kabonati bila taabu. Mafuta yaliyoharibika kwa mpishi ndiyo yaliyokuwa mazuri kwa mpika sabuni. Aidha, potasiamu hutoa sabuni laini, inayofanana na uji mzito, isiyoweza kukatwa miche. Ili iwe ngumu, lazima itiwe chumvi ya kawaida kwa wingi, ambayo huleta sodiamu na kuitenga sabuni na maji. Chumvi hiyo, katika bara, ilikuwa mali ya thamani. Ugumu wa sabuni, ambao wengi huuhesabu kuwa alama ya ubora, ulikuwa basi suala la chumvi na umbali wa bahari kabla ya kuwa suala la ufundi.

4.0 Mawese yaendayo na sabuni irudiyo

Ulaya nayo ilitumia majivu kwa karne nyingi, na udanganyifu haukukosekana huko. Mwaka 1688 serikali ya Ufaransa, chini ya Mfalme Louis XIV, ilitoa amri kwamba sabuni ya Marseille itengenezwe kwa mafuta ya zeituni matupu, bila kuchanganywa na shahamu. Mapinduzi yalikuja kwa hatua tatu. Mwaka 1791 Nicolas Leblanc alipata hati ya ubunifu ya kutengeneza soda kutokana na chumvi ya kawaida. Mwaka 1823 Michel-Eugène Chevreul alichapisha utafiti wake ulioeleza kwa mara ya kwanza kinachotokea mafuta yanapogeuka sabuni. Na katika miaka ya 1860 Ernest Solvay, Mbelgiji, alianzisha njia rahisi zaidi ya kupata soda. Baada ya hapo soda haikuhitaji tena mti wala moto wa jikoni, na kiwanda kilikosa kitu kimoja tu: mafuta mengi ya bei nafuu.

Mafuta hayo yalitafutwa Afrika. William Lever, aliyeanza kuuza sabuni ya Sunlight katika miaka ya 1880, alitia saini mkataba na serikali ya Ubelgiji mwezi Aprili 1911. Kampuni yake, Huileries du Congo Belge, ilipewa haki katika duara tano za ardhi, kila moja yenye nusu kipenyo cha kilomita 60, huko Bumba, Barumbu, Lusanga, Basongo na Ingende. Lusanga ilibatizwa Leverville. Mwaka 1912 sabuni ya kwanza iliyotokana na mawese ya kampuni hiyo ilikabidhiwa kwa Mfalme Albert katika kijisanduku cha pembe ya ndovu. Zawadi hiyo ni muhtasari wa enzi nzima: pembe ilikuwa mali iliyowaleta watu Kasongo katika karne ya 19, na mawese ndiyo mali iliyofuata, vyote viwili vilikutana juu ya meza ya mfalme.

Kazi ya kuchuma ngazi ilifanywa kwa shuruti. Uasi wa Wapende katika Kwilu mwaka 1931 ulikuwa na chanzo chake kimoja katika biashara hiyo ya mawese. Hakuna duara hata moja kati ya tano iliyokuwa Maniema, ambako shuruti ya kilimo ilielekezwa zaidi kwenye pamba tangu mwaka 1917. Lakini Wajapani walipoteka Malaya na visiwa vya Indonesia mwaka 1942, na mafuta ya Asia yakakosekana, serikali ya kikoloni iliongeza siku za kazi ya lazima kwa koloni zima kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka.

Kiwanda hakikutaka sabuni tu. Gliserini, ambayo ni takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wa mafuta, ilikuwa na soko lake, kwa kuwa kutokana nayo hutengenezwa baruti ya Nobel, dainamaiti, iliyobuniwa mwaka 1867. Katika Vita Kuu ya Kwanza gliserini ilikuwa zana ya vita. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kawaida kuitoa katika sabuni na kuiuza peke yake. Gliserini huvuta unyevu na kuilinda ngozi isikauke. Sabuni ya mkono, ambayo haitengwi, hubaki nayo yote. Hapa sabuni ya mkono ina ubora wa hakika, na sababu yake ni ya kibiashara.

Bidhaa ya kiwanda ilifika Maniema kwa mto na kwa reli. Njia ya reli kati ya Kindu na Kongolo ilikamilika mwaka 1911, na ile ya Kabalo hadi Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Tangu hapo mche wa sabuni uliweza kufika stesheni za Lualaba kutoka bahari zote mbili. Mwanakijiji aliyekuwa na michikichi nyuma ya nyumba alinunua kwa fedha kitu ambacho malighafi yake aliijua vizuri, bila kuitambua tena, kwa maana wekundu wa mawese ulikuwa umeondolewa na harufu yake imefunikwa na marashi.

5.0 Kurudi kwa sabuni ya mkono

Hatua za kutaifisha biashara za wageni zilizotangazwa tarehe 30 Novemba 1973, uporaji wa Septemba 1991 na Januari 1993, na hatimaye vita vya 1996-1997 na 1998-2003, vilidhoofisha mfumo uliokuwa ukileta bidhaa za kiwanda. Reli ya Kindu ilisimama, na Maniema ikabaki kama kisiwa. Katika hali kama hiyo chumvi na sabuni ndivyo vitu vya kwanza kupanda bei, na mpika sabuni hurudi kuwa mtu wa maana katika jamii.

Hata hivyo aliyerudi si yule wa zamani. Sabuni ya mkono ya leo haipikwi kwa majivu. Inapikwa kwa hidroksidi ya sodiamu, ile soda kali ambayo wengi huiita kostiki, inayotengenezwa viwandani ng'ambo na kusafirishwa kwa magunia na madebe. Kwa maneno mengine, nusu ya sabuni ya mkono imetoka kiwandani, kama vile nusu ya sabuni ya kiwanda ilivyotoka shambani.

Soda hii inataka hesabu. Kilo moja ya mawese huhitaji takriban gramu 141 za hidroksidi ya sodiamu ili igeuke yote. Kilo moja ya mise, yaani mafuta ya kokwa za chikichi, huhitaji takriban gramu 176. Tofauti hii inatokana na asidi zilizomo: mawese yana asidi ya palmitiki na oleiki kwa wingi, ambazo hufanya sabuni ngumu yenye povu dogo; mise yana asidi ya lauriki karibu nusu yake, ambayo hutoa povu jingi lakini huikausha ngozi. Anayechanganya mafuta haya mawili kwa kipimo cha mawese atabaki na mafuta yasiyogeuka. Anayetumia kipimo cha mise kwa mawese matupu atabaki na soda inayounguza. Mafundi waangalifu hupunguza soda kwa sehemu tano katika mia. Kwa lita tano za mawese, zenye uzito wa kilo nne na nusu hivi, hiyo ni gramu 600 au zaidi kidogo. Kisha miche huachwa ikauke kwa wiki nne hadi sita.

Matatizo hutokea pale kikombe kinapochukua nafasi ya mizani. Soda iliyoachwa wazi hunyonya unyevu na hewa, ikaongezeka uzito na kupungua nguvu, hata kikombe cha leo kisilingane na cha jana. Soko nalo halingoji wiki sita. Hatari kubwa kuliko zote imo nyumbani: soda iliyoyeyushwa katika maji haina rangi, na mtoto akiikuta katika chupa au kikombe huidhani maji. Madaktari wa nchi nyingi za Afrika wameeleza kwa miaka mingi juu ya watoto walioungua koo kwa sababu hiyo. Kanuni ni chache, nazo hazina gharama: soda hutiwa katika maji, kamwe maji yasimwagwe juu ya soda, chombo chake kisiwe cha chakula, na kisikae chini.

6.0 Kusoma karatasi ya sabuni

Sabuni ya kiwanda hupimwa kwa mizani, na hilo ni sifa yake. Lakini kilichomo huelezwa kwa maandishi, na maandishi hayo ni ya Kifaransa, Kiingereza au lugha ya kikemia iliyokubaliwa kimataifa. Msomaji wa Kasongo anayeijua Kiswahili vizuri huona pazia. Pazia hilo likiondolewa, mengi huonekana kuwa ya kawaida. «Sodium palmate» ni mawese yaliyokwisha kuwa sabuni. «Sodium palm kernelate» ni mise. «Aqua» ni maji. «CI 77891» ni unga mweupe wa titani, wa kupendezesha macho tu. «EDTA» huzuia sabuni isiharibiwe na madini ya maji. «Parfum» ni marashi, neno moja linaloficha vitu vingi. Silikati, ulanga na udongo mweupe huongeza uzito.

Maneno mengine yanagusa dhamiri. «Sodium tallowate» ni shahamu ya mnyama, mara nyingi ng'ombe au kondoo, ingawa neno lenyewe halimtaji mnyama. «Sodium lardate» ni mafuta ya nguruwe. Katika eneo lenye Waislamu wengi kama Kasongo na Kabambare, tofauti ya herufi chache ni suala la dini, na mnunuzi ana haki ya kuijua.

Maneno mengine yanagusa uhai. Triklosani, iliyotiwa katika sabuni nyingi zilizojinadi kuwa zinaua vijidudu, ni miongoni mwa viambato 19 vilivyopigwa marufuku na Marekani mwaka 2016 katika sabuni za kunawa, kwa kuwa watengenezaji hawakuthibitisha usalama wake wala ubora wake juu ya sabuni ya kawaida. Mbaya zaidi ni zebaki. Sabuni za kung'arisha ngozi zenye iodidi ya zebaki zilitengenezwa Ulaya na kuuzwa Afrika hata baada ya Jumuiya ya Ulaya kuizuia zebaki katika vipodozi vyake mwaka 1976. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, uliweka mwaka 2020 kuwa ukomo wa vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja katika milioni; na mkutano wa nchi wanachama wa mwaka 2023 uliamua kwamba ifikapo 2025 vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki viondolewe.

Salamabila si pahali pa kuambiwa zebaki ni nini. Wachimbaji wadogo wa dhahabu katika nchi nyingi za Afrika huitumia kukamatia chembe za dhahabu, kisha huichoma. Kampuni ya Banro ya Kanada ilianza uzalishaji wa kibiashara huko Namoya mwaka 2016 na kusitisha kazi mwaka 2019 kwa ukosefu wa usalama, lakini uchimbaji wa mkono ulikuwapo kabla yake na ukaendelea baada yake. Mchimbaji anayejua kwamba moshi wa zebaki hudhuru anaweza kununua zebaki hiyo hiyo, ampelekee mkewe kama sabuni ya urembo, kwa sababu tu karatasi imeandika «mercuric iodide», au «Hg», au haikuandika lolote. Zebaki ipakwayo hupenya ngozi na kuharibu figo.

7.0 Hitimisho

Kutokana na yaliyoelezwa, ni dhahiri kwamba ulinganisho wa sabuni ya mkono na ya kiwanda hauwezi kuishia katika maneno asili na kemikali. Sabuni ya mkono ina gliserini yake yote na haina marashi yasiyotajwa. Lakini usalama wake unategemea mizani na uaminifu wa mpishi. Sabuni ya kiwanda imepimwa. Lakini usalama wake unategemea sheria na uwezo wa mnunuzi wa kusoma.

Mizani ni kazi ya mafundi, na sheria ni kazi ya serikali. Kusoma ni kazi ya idara za lugha. Istilahi zinazohitajika hazizidi thelathini, na nyingi zimo tayari katika kamusi au vinywani mwa wapika sabuni: mawese, mise, shahamu, magadi, majivu, ulanga, zebaki. Zikikusanywa, zikalinganishwa na majina ya kimataifa, na kuchapishwa katika karatasi moja ya kubandikwa sokoni na katika vituo vya afya, mama wa Salamabila ataweza kuuliza swali ambalo hadi sasa anaulizwa mpishi wa mkono peke yake: umetia nini humu?